Vunjajungu: Namna ya Kumfuga na Kumzalisha

Mtoto aingiapo jikoni na mdudu wa kijani mkononi, mwenye miguu ya mbele iliyokunjwa kama mikono ya mtu aombaye, aghalabu husikia sauti ya bibi yake kabla hajafika penye mafiga: "Mjukuu wangu, mtoe nje huyo! Utatuvunjia vyungu!" Imani hiyo ndiyo iliyompa mdudu huyu jina lake. Wazee walisema kwamba mtu akimgusa vunjajungu, chombo cha kwanza atakachokishika baadaye kitamponyoka na kuvunjika. (Neno hilo hilo hutumiwa pia kwa karamu za siku za mwisho za mwezi wa Shaabani, lakini hilo ni jambo jingine.) Vyungu huvunjika hata katika nyumba ambazo mdudu huyu hajapata kuingia, na watu wanaomfuga hunywa chai katika vikombe vile vile mwaka mzima.

Kwa kweli vunjajungu hana sumu, wala hana mwiba wa kuchoma kama nyigu. Akikamatwa kwa nguvu aweza kumbana mtu kidole kwa miiba ya miguu yake, na mtu akashtuka, basi. Akitishwa hufungua mabawa, huinua miguu ya mbele na kuyumbayumba ili aonekane mkubwa kuliko alivyo. Hivyo ni vitisho vitupu.

Kumfuga ni kazi ya kujifurahisha yenye mafunzo mengi, nayo haina gharama kubwa. Lakini mtu asidhani kwamba ni rahisi kwa sababu mnyama ni mdogo. Wengi waanzao hupata mdudu mmoja, humlisha kwa majuma mawili matatu, kisha siku moja humkuta chini ya chombo amekufa, au amepindika miguu asiweze kusimama, nao hawajui kosa ni lipi. Wengine humtia dume pamoja na jike usiku, na asubuhi hukuta mabawa matupu. Maafa hayo mawili yana sababu zijulikanazo. La kwanza hutokana na kujivua ngozi, la pili na njaa, na mtu akiyafahamu hayo mawili vema amekwisha kujua sehemu kubwa ya kazi hii.

MDUDU MWENYEWE

Wataalamu wamekwisha kutaja aina zaidi ya 2,400 za vunjajungu duniani, na wengi wao hukaa katika nchi za joto. Ndugu zake wa karibu si panzi, kama watu wadhanivyo, bali ni mende na mchwa. Katika Kenya wako wa namna nyingi: wengine wembamba kama ujiti wa nyasi, wengine wa rangi ya gome la mti, wengine wamepambwa kama ua. Amfaaye zaidi mtu aanzaye ni yule mkubwa wa kijani, ambaye mara nyingine huwa wa rangi ya udongo, na ambaye wataalamu humwita Sphodromantis. Jike wake hufika urefu wa sentimita 7 au 8, ni mnene wa tumbo, na aghalabu kila bawa lake la mbele lina doa dogo jeupe. Hupatikana vichakani na katika michongoma iliyopandwa kuzunguka nyumba. Usiku madume huja penye taa za nje, wakivutwa na mwanga.

Mtu akimtazama kwa makini ataona kwamba naye anatazamwa. Vunjajungu aweza kugeuza kichwa akaangalia nyuma ya mabega yake, jambo ambalo wadudu wengi hawaliwezi. Mwaka wa 1983 mtaalamu aitwaye Samuel Rossel alionyesha kwamba mdudu huyu hupima umbali wa windo lake kwa kulinganisha yale yaonwayo na jicho la kulia na yale yaonwayo na jicho la kushoto, kama binadamu afanyavyo. Sikio lake ni ajabu zaidi. Kwa miaka mingi watu walimdhani kiziwi, mpaka mwaka wa 1986, ambapo David Yager na Ronald Hoy wa Marekani walieleza kwamba analo sikio moja tu, nalo liko chini ya kifua, katikati, baina ya miguu yake. Kwa sikio hilo husikia sauti nyembamba za popo ambazo sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Dume arukaye usiku akisikia popo anamkaribia, huacha njia yake ghafula na kujitupa chini.

NYUMBA YAKE

Chupa kubwa ya plastiki yenye mdomo mpana yafaa sana, au sanduku dogo la mbao lililofunikwa kwa wavu. Jambo la lazima ni kimo. Chombo kiwe na kimo cha mara tatu ya urefu wa mdudu, na upana wa mara mbili. Kwa jike wa sentimita 8 hicho ni kimo cha sentimita 24 au zaidi. Ndani viwekwe vijiti viwili vitatu vilivyosimama kwa mshazari. Juu pafunikwe kwa kitambaa chepesi au wavu ambao kucha zake zaweza kuushika, maana vunjajungu hupumzika akiwa ananing'inia kichwa chini. Kifuniko cha plastiki laini humtelezesha, na kuteleza kwake ndiko kufa kwake, kama itakavyoelezwa.

Juu ya wavu huo pana onyo ambalo halimo katika vitabu vya Ulaya. Mtu wa hapa atakapotafuta wavu, mawazo yake ya kwanza yatakuwa kukata kipande cha chandarua kikuukuu. Asifanye hivyo. Vyandarua vinavyogawiwa siku hizi kwa ajili ya kuzuia malaria vimetiwa dawa ya kuua wadudu, iliyotengenezwa kwa kufuata mfano wa ile dawa ya asili iliyomo katika ua la pareto, nayo hukaa katika nyuzi kwa miaka. Dawa hiyo haimchagui mbu peke yake. Vunjajungu akiukanyaga wavu huo ataanza kutetemeka miguu, na kwa kawaida hafiki mbali. Kitambaa cha pazia, au soksi nyembamba ya kike iliyofuliwa, vyafaa zaidi. Na chandarua kiachwe kimlinde mtoto kitandani.

Kwa joto, mdudu huyu hupenda nyuzi 25 mpaka 30 za Selsiasi. Mombasa au Kisumu hapana haja ya kufanya lolote. Limuru au Nyahururu, na hata Nairobi mwezi wa Julai, hudumaa na kukataa kula, na yafaa chombo kiwekwe chumbani penye joto, mbali na moshi, wala kisiwekwe juani moja kwa moja, kwa kuwa chupa iliyo juani hugeuka tanuri kwa dakika chache. Kila asubuhi pande za chombo zinyunyiziwe maji kidogo. Vunjajungu hatumii kisahani, hunywa matone.

CHAKULA

Hula kilicho hai na kinachotembea. Nzi, nondo, panzi, nyenje na mende wadogo wote humfaa, na wakati wa mvua kumbikumbi ni sikukuu kwake. Windo lisizidi nusu ya urefu wa mwili wake. Asitiwe sisimizi wala siafu, maana hao watamla yeye. Wala wasichukuliwe wadudu waliokamatwa katika shamba lililonyunyiziwa dawa karibuni, au mende waliotoka katika nyumba iliyopuliziwa dawa, kwa sababu ile ile ya chandarua.

Watu huuliza kila mara alishwe mara ngapi. Jibu halipatikani katika kalenda, lipo tumboni mwake. Tumbo likiwa bapa kama jani, ana njaa. Likijaa likawa kama kijidole, aachwe siku mbili tatu. Panzi mmoja wa kiasi kila baada ya siku mbili hutosha kwa mkubwa.

KUJIVUA NGOZI

Ngozi ya mdudu haikui pamoja naye. Kila akikua hana budi kuipasua na kutoka ndani yake akiwa na ngozi mpya iliyo laini, na vunjajungu huyu wa kijani hufanya hivyo mara saba, nane au zaidi tangu kuzaliwa mpaka kupata mabawa. Kila mara ni hatari. Wafugaji wapya hupoteza wadudu wengi hapa kuliko mahali pengine popote.

Dalili huanza siku mbili tatu kabla. Mdudu aliyekuwa mlafi hukataa chakula, hata humkimbia nzi. Hukaa mahali pamoja juu ya chombo, kichwa chini. Aliye karibu kuwa mkubwa, vile vifuko vya mabawa mgongoni mwake huvimba. Hapo mfugaji aondoe kila kilicho hai ndani ya chombo, kwa kuwa nyenje mwenye njaa hutafuna vunjajungu asiyeweza kujitetea. Anyunyizie maji kidogo ili hewa isiwe kavu. Kisha akae mbali. Asikitikise chombo wala asikifungue, na asiwaite jirani kuja kutazama.

Ngozi hupasuka nyuma ya kichwa. Mdudu huteremka polepole kutoka katika ngozi yake ya zamani kwa uzito wake mwenyewe, kichwa kikitangulia, kisha miguu ya mbele, kisha ile mirefu ya nyuma, na mwisho hubaki ananing'inia kwa ncha ya tumbo tu. Hupumzika. Kisha hujikunja juu, huishika ngozi tupu kwa miguu mipya, na kulitoa tumbo. Kazi yote aghalabu haipiti nusu saa. Sasa sababu ya ule urefu wa mara tatu itaonekana wazi: huhitaji nafasi chini yake ya kuteremka urefu wote wa mwili wake mpya. Akigusa sakafu kabla hajakauka, miguu hukauka ikiwa imepinda, na haitanyoka tena mpaka atakapojivua mara nyingine. Akiwa amekwisha kupata mabawa, hakuna mara nyingine.

Baada ya hayo asishikwe wala asilishwe kwa siku nzima, na baada ya kujivua kwa mwisho aachwe siku mbili tatu. Mabawa hutoka yamekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, na hunyoka yenyewe. Mtu asijaribu kuyasaidia kwa kidole.

DUME NA JIKE

Kuwatambua si kazi ngumu mtu akihesabu pingili za tumbo upande wa chini. Jike ana pingili 6 zinazoonekana, ya mwisho ikiwa kubwa na pana. Dume ana 8, za mwisho zikiwa ndogo ndogo. Walio wakubwa hutambulika hata kwa mbali: dume ni mwembamba, vipapasio vyake ni virefu na vinene zaidi, na mabawa yake hupita ncha ya tumbo.

Taabu ni kwamba dume hukua upesi kuliko jike, naye huishi siku chache zaidi baada ya kupata mabawa. Mfugaji mwenye ndugu wa tumbo moja huona madume wake wamezeeka hali majike bado watoto. Basi wazoefu huwaweka majike mahali penye joto zaidi na kuwalisha kwa wingi, na madume mahali baridi kidogo kwa chakula cha kadiri, ili wakutane njiani. Baada ya kupata mabawa, jike aachwe wiki mbili au tatu kabla ya kuletewa dume.

Hapa yaanza habari iliyomtia vunjajungu katika mazungumzo ya dunia nzima, kwamba jike humla mumewe. Ni kweli kwamba hutokea. Mwaka wa 1935 Kenneth Roeder wa Marekani alichapisha uchunguzi uliowastaajabisha watu: alionyesha kwamba dume aliyekatwa kichwa huweza kuendelea kupanda, kwa sababu kile kifundo cha neva kinachozuia mwendo huo kimo kichwani, na kikiondolewa mwili huenda wenyewe. Kutokana na hayo wengine walihubiri kwamba dume hana budi kuliwa ndipo apande. Roeder hakupata neno kama hilo, nalo si kweli. Mwaka wa 1984 wataalamu Liske na Davis walieleza jinsi walivyowatazama vunjajungu wa China kwa kamera, pasipo mtu karibu wa kuwashtua, majike wakiwa wamekwisha kulishwa mpaka kutosheka. Katika kupandana mara 30 hawakuona dume hata mmoja aliyeliwa.

Kwa upande mwingine, kumla dume si wazimu. Uchunguzi wa William Brown na Katherine Barry, uliotolewa mwaka wa 2016, ulionyesha kwamba jike aliyemla dume wake hutaga mayai mengi zaidi, na kwamba chakula kilichotoka katika mwili wa dume huingia katika mayai hayo. Kwa hiyo jike hafanyi uovu wala hafanyi sherehe. Ana njaa na ana mayai ya kujenga, na mbele yake pana nyama. Jambo hili ndilo lililo mkononi mwa mfugaji, kwa maana mwituni jike hula akipatacho, lakini katika chombo hula apewacho. Jike aliyenyimwa chakula siku tatu, kisha akaletewa dume, amewekewa chakula mezani, na mwenye kulaumiwa si yeye.

Basi kwa siku nne au tano kabla, jike alishwe kila siku mpaka akatae. Siku yenyewe atolewe chomboni na kuwekwa juu ya tawi refu chumbani au juu ya pazia, mahali ambapo dume ana njia ya kukimbilia; katika chupa ndogo hana njia. Apewe nondo au panzi mkubwa wa kumshughulisha. Wakati anakula, dume awekwe nyuma yake, mbali kama urefu wa mkono, kwa kijiti wala si kwa vidole. Dume mwenye akili hasongi mbio. Husimama kama jiti kavu, husogea hatua moja jike akitazama upande mwingine, husimama tena; mara nyingine huchukua saa nzima kuvuka sentimita 30, na mfugaji asiye na subira huharibu kazi kwa kumsukuma. Mwisho huruka mgongoni. Wakikwisha kuungana hukaa hivyo kwa saa nyingi. Watakapoachana, dume aondolewe mara moja, kwa kuwa shibe ya asubuhi si shibe ya jioni.

Hata kwa uangalifu wote, siku nyingine dume ataliwa. Majike wa Sphodromantis ni wakali kuliko wengi. Basi mfugaji mwenye dume mmoja tu afikiri mara mbili.

KIFUKO CHA MAYAI

Wiki moja au mbili baadaye jike, akiwa amevimba mpaka mabawa hayafuniki tumbo, huchagua kijiti na kutoa povu jeupe kwa ncha ya tumbo, huku akilitandaza kwa ustadi na kutia mayai ndani safu kwa safu. Povu hukauka likawa gumu na la rangi ya kahawia, jepesi kama kizibo. Mayai yaweza kuwa zaidi ya 100 katika kifuko kimoja, hata 200. Kwa kupanda mara moja hutaga vifuko vitatu, vinne au zaidi, na baada ya kila kimoja huwa na njaa kuu. Jike asiyepata dume naye hutaga, lakini mayai yake kwa kawaida hayatoi kitu. Mfugaji asijidanganye kwa kuona kifuko.

Kijiti chenye kifuko kihamishiwe katika chombo kingine na kuning'inizwa vile vile kilivyokuwa, wala kisigeuzwe juu chini, pakiwa na nafasi ya sentimita 5 au zaidi chini yake. Kinyunyiziwe maji kidogo kila baada ya siku mbili. Kikilowana mno huota ukungu. Mahali penye joto watoto hutoka baada ya mwezi mmoja au zaidi kidogo, na penye baridi hukawia.

Kifuko kilichookotwa porini chaweza kuleta jambo jingine. Wako nyigu wadogo mno, wengi wa kabila liitwalo Podagrion, ambao huchoma povu na kutaga mayai yao ndani ya mayai ya vunjajungu. Mtu akiona kifuko kimejaa vitundu vya mviringo kama vilivyotobolewa kwa sindano, nyigu wamekwisha kutoka, na watu wa nyumba ile wameliwa.

Siku ya kutoka, yote hutokea pamoja, mara nyingi asubuhi. Watoto huteremka kama minyoo midogo ya manjano, kila mmoja akining'inia kwa uzi mwembamba, na pale pale hujivua ngozi ya kwanza na kunyosha miguu. Baada ya saa moja au mbili kifuko kizima huwa kimezungukwa na tunutu wadogo, wasiozidi sana sentimita moja, wenye sura kamili ya mama yao ila hawana mabawa.

Sasa njaa yaanza tena, mara 100. Tunutu hao hawawezi nzi wa kawaida. Wapewe vile vijinzi vidogo vinavyozungukia ndizi zilizoiva mno, navyo ni rahisi kuvipata: kipande cha ndizi kiwekwe ndani ya chupa iliyo wazi karibu na dirisha siku mbili, kisha mdomo uzibwe kwa pamba, baada ya siku kumi hivi chupa itakuwa imejaa. Chupa hiyo itengenezwe kabla tunutu hawajatoka, wala si baada yake. Mwanzo waweza kukaa wengi pamoja penye vijiti na chakula tele. Wakikwisha kujivua mara mbili au tatu, kila mmoja apewe chombo chake, ama sivyo mfugaji atawahesabu 80 Jumatatu na 50 Ijumaa, na wale 50 watakuwa wanene.

Hakuna mtu mwenye chupa 200 na wakati wa kuzilisha. Mfugaji mwenye busara huchagua kama 20 siku ya kwanza, na wengine huwarudisha siku hiyo hiyo katika kichaka kile kile ambacho mama yao aliokotwa. Wengi wao wataliwa na buibui, mijusi na ndege, lakini hiyo ndiyo hesabu yao ya siku zote.

ASICHUKULIWE NG'AMBO

Wako wanaomsifu vunjajungu kuwa askari wa shamba, na kuwashauri wakulima wamwachilie kwa wingi. Sifa hizo zimezidi. Hula nondo na viwavi, ni kweli, lakini hula pia nyuki na kipepeo, na hula mwenzake. Hawezi kuzuia wadudu waharibifu kama vile vidukari waongezekao kwa maelfu, kwa kuwa yeye huzaa kwa msimu na huwinda mmoja mmoja. Asiuawe shambani, lakini mkulima asimtegemee.

Kumhamisha kutoka nchi yake ni jambo baya zaidi. Vunjajungu wa China alifika Marekani karibu na mji wa Philadelphia mwaka wa 1896 hivi, na sasa ameenea katika majimbo mengi, ambako hula hata ndege wale wadogo sana wanywao asali ya maua. Mwaka wa 1978 vunjajungu wa kusini mwa Afrika, Miomantis caffra, alionekana Auckland katika New Zealand. Harufu ya majike wake huwavuta madume wa vunjajungu wa nchi ile. Madume hao huifuata wakidhani wamepata mke, nao huliwa. Uchunguzi wa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba huvutwa na harufu hiyo kuliko ile ya majike wa kwao wenyewe.

Yafaa wafugaji wa Kenya wayajue hayo, kwa sababu huenda wakaandikiwa barua na watu wa mbali. Katika Ulaya na Marekani wako wengi wanaofuga vunjajungu, nao humtamani sana yule mkubwa mwenye sura ya ua, Idolomantis diabolica, apatikanaye Kenya na Tanzania. Mtu aweza kuombwa atume vifuko vichache katika bahasha, na kuahidiwa fedha. Kwa sheria ya wanyama wa porini ya mwaka wa 2013, kuwatoa viumbe wa porini nchini pasipo kibali ni kosa, na sheria hiyo haiwasahau wadudu. Mwezi wa Mei 2025 mahakama iliyo katika kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta iliwatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja watu wanne waliokamatwa na sisimizi. Wawili kati yao, vijana kutoka Ubelgiji, walikuwa na sisimizi wapata 5,000 ndani ya vijichupa, waliokusudiwa kuuzwa kwa watu wafugao wadudu.

Mwanafunzi afungaye shule na kwenda kwao, asiye na mtu wa kumwachia chupa zake, awatoe wadudu wakubwa jioni katika kichaka walimookotwa, mmoja mmoja, mbali mbali. Vifuko vya mayai avifunge kwa uzi juu ya tawi la kichaka hicho, kwa kimo cha kifua cha mtu, upande usiopigwa na mvua, na penye shina apake grisi kidogo ili sisimizi wasipande.